Vunja Nisikie

Pakiti 12 zilirudi dukani kwa siku moja. Mpwa wa mwandishi wa makala haya, binti anayesindika unga wa mlonge katika chumba cha kupanga mjini Tanga, alizimwaga mezani kama mchezaji anayebwaga karata mbovu. "Shangazi, wanasema dawa imechacha. Mimi majani nimeanika siku tatu nzima, na mfuko nimeuziba kwa mshumaa. Imechachaje?"

Unga uliokuwa wa kijani mwezi wa Februari ulikuwa, kufikia katikati ya masika, na rangi ya mchanga. Ukiutikisa haukumwagika, ulianguka kwa mapande. Ukifungua, ilitoka harufu ya kabati la nguo lililofungwa miezi mingi. Mwandishi aliigeuza pakiti moja akasoma lebo yake. Kulikuwa na picha ya mti, namba ya simu na orodha ya maradhi 14. Tarehe ya kuvuna haikuwepo.

Pakiti za namna hii siku hizi hazihitaji kutafutwa. Zipo stendi, zipo misikitini siku ya Ijumaa, zinaning'inia juani kwenye vibanda vya simu. Biashara yenyewe ni ya zamani, lakini janga la korona liliipa miguu. Mwezi Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea wa artemisia. Mwezi uliofuata Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Profesa Palamagamba Kabudi, akapanda ndege kwenda kukichukua. Huku nyumbani watu walijifunika mablanketi wakapiga nyungu. Mikaratusi ikakatwa matawi, mchaichai ukapanda bei, na aliyekuwa akiuza vocha akaanza kuuza unga. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na ina Baraza linaloisimamia. Lakini mkaguzi hawezi kusimama juu ya kila turubai lililotandikwa uani, na dawa nyingi huharibikia hapo hapo kwenye turubai.

Zile pakiti 12 zilimrudisha mwandishi Pemba.

Alikuwa na miaka tisa au kumi. Msimu wa karafuu ukiingia, nyumba yote ilihamia uani. Wanaume walipanda mikarafuuni, jioni magunia yakateremka, na baada ya kula watu walikaa chini wakachambua hadi usiku, karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi majamvi yakatandikwa. Watoto walipewa kazi mbili tu, kugeuza kwa mikono na kutazama mbingu. Wingu likijikusanya upande wa bahari, mmoja akapiga kelele, wote wakakimbilia kuanua. Karafuu iliyolowa, au iliyolazwa mbichi kwenye lundo ikapata joto, haifi yote. Hupauka, husinyaa, na mafuta yake hupungua. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo kila kilo iliyoharibika ilikuwa kilo tatu za jasho la mtu.

Bibi yake alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Hakuweza kuona rangi ya karafuu, na rangi ndiyo wengine wote waliyoitegemea. Yeye alikaa kwenye baraza, akamwita mjukuu. "Lete ngumi moja ya katikati ya jamvi, usilete za pembeni. Haya, vunja nisikie." Mtoto alivunja karafuu moja karibu na sikio la bibi. Ikiwa imekauka ilitoa mlio mkavu, tap, kama njiti ya kiberiti. Ikiwa bado, ilijipinda kimya. Bibi alisikiliza tano, sita, kisha akatoa hukumu. "Bado jua moja." Hakuna aliyebisha.

Hiyo "ya katikati" mwandishi aliielewa miaka mingi baadaye. Pembeni mwa jamvi hewa hupita, katikati unyevu hukaa. Anayepima za pembeni anajidanganya mwenyewe kwanza, mnunuzi baadaye.

Na mnunuzi hakuwa wa kudanganywa. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na hununuliwa kwa madaraja, kila daraja na bei yake. Mtoto wa Pemba alijua tangu mdogo kwamba jua moja la ziada lina thamani ya fedha. Wakati ule alidhani dunia nzima inauza mazao yake hivyo.

Akiwa sekondari, likizo moja, alitaka kumfurahisha bibi. Alichuma mrehani kapu zima, akauanika kwenye jamvi lile lile, jua lile lile la saa sita. Kesho yake majani yalikuwa meusi, yamejikunja kama karatasi iliyoponea moto, na harufu hakuna. Bibi aliyanusa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, umeyachoma hujayakausha. Jani ni la kivulini."

Hakueleza zaidi, labda kwa sababu kwake halikuwa jambo la kueleza. Maelezo yapo, nayo yana ladha yake. Baadhi ya aina za mrehani zina eujenoli, kiini kile kile kinachoipa karafuu harufu. Kilichotofautiana ni mahali mafuta yalipowekwa. Karafuu ni tumba nene la ua, lenye mafuta yaliyohifadhiwa ndani ya nyama yake, nayo ni mengi, kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wa karafuu kavu. Mrehani hubeba mafuta yake machache kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani. Jua la mchana huvipasua, upepo hubeba kilichomo. Tena mwanga mkali hula rangi ya kijani, na pamoja nayo kiini kinachogeuka vitamini A mwilini, ambayo watu wanaufuata mlonge kwa ajili yake. Ndiyo maana wakaushaji wa majani yenye harufu hujitahidi joto lisipite nyuzi 40 hivi. Mwandishi alikuwa amechukua kanuni sahihi ya zao moja akaivisha zao jingine, kosa ambalo watu wazima wenye vyeti hulirudia kila mwaka.

Ukubwani kazi ya maendeleo ya jamii ilimpeleka bara, mkoani Dodoma, kwenye kikundi cha kina mama waliokuwa na milonge mingi na maji machache. Walikuwa wakianika juu ya bati. Mwandishi, akiwa na mrehani wake kichwani, aliwaomba wajaribu chumba kimoja chenye madirisha pande mbili. Wakapiga vichanja vya miti, wakatandaza nyavu za kuzuia mbu juu yake, majani yakamwagwa kwa tabaka jembamba, kilo moja mbichi kwa kila mita ya mraba, si zaidi. Hewa kavu ya Dodoma ikafanya kazi kuliko jua lake. Siku ya nne majani yalikuwa bado ya kijani, nayo yalilia yakishikwa.

Vikonyo havikulia. Hili ndilo jambo lililowachelewesha kuliko yote. Jani la mlonge ni jepesi, hukauka upesi, lakini kijiti kinachobeba majani hubaki na maji siku mbili zaidi. Ukipima kwa jani utaanua mapema. Ukifunga vyote pamoja, kijiti kitagawa maji yake kwa majani yaliyokwisha kukauka, polepole, gizani, ndani ya gunia. Kina mama wakaamua kupura na kuchekecha vijiti kabla ya kufunga. Kazi iliongezeka. Malalamiko pia.

Basi wakapata mzigo mzuri, wa kwanza kupelekwa Dar es Salaam. Na mzigo huo ukaharibika, kwa kosa la mwandishi peke yake.

Basi lilikuwa linaondoka saa nane. Saa sita na nusu alisema majani yapitishwe juani nusu saa "yapate moto wa mwisho", kisha yakafungwa yakiwa yangali ya vuguvugu ndani ya mifuko ya nailoni, mdomo ukakazwa kwa kamba. Majani ya moto yakifungwa hutoka jasho. Unyevu ule mdogo uliobaki hupanda kama mvuke, hukutana na ngozi ya mfuko iliyopoa usiku safarini, hugeuka matone, na matone hurudi kwenye majani. Wiki mbili baadaye mpokeaji alifungua mfuko wa kwanza akaufunga tena. Kwenye kuta za ndani kulikuwa na utando mweupe kama pamba. Kikundi kililipwa nusu ya mifuko, ile iliyofungwa asubuhi ikiwa imepoa.

Mfuko hautibu jani bichi. Unachofanya ni kulinda hali uliyoikuta, nzuri au mbaya. Mfuko mzuri unaozuia hewa kabisa huwa adui mkubwa zaidi kwa jani lenye unyevu kuliko gunia la katani, kwa kuwa gunia angalau linapumua.

Mwaka uliofuata mnunuzi mwingine alikuja mwenyewe na mizani yake. Alinunua kwa kilo, bei moja kwa wote. Katika kikundi kulikuwa na mama mmoja ambaye majani yake yalikuwa fahari ya kijiji. Siku ile alipata fedha kidogo kuliko jirani yake aliyeanua siku mbili mapema, ingawa wote walikuwa wamechuma sawa. Mwandishi alikaa naye chini wakapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo 10 za majani mabichi, robo tatu yake ikiwa maji, zina kilo 2.5 za jani halisi. Ukikausha hadi unyevu ubaki asilimia 10, kiwango ambacho kuvu hukosa pa kuanzia, mzigo wako utakuwa na uzito wa kilo 2.78. Jirani akiishia asilimia 20, wake utakuwa kilo 3.13. Tofauti ni gramu 350, na zote ni maji. Yule mama alitazama namba zile kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo mwenzangu kalipwa maji?"

Ndiyo, alilipwa maji. Tena yale yale maji yatakayoozesha mzigo wa wote wawili yakichanganywa gunia moja. Semina za ukaushaji alizohudhuria mwandishi baada ya hapo hazina idadi, na karibu zote zilidhani mkulima hajui kukausha. Mkulima anajua. Anajua pia mizani inalipa nini. Pemba palikuwa na madaraja, hapa palikuwa na kilo tu. Msimu uliofuata yule mama naye alianua mapema.

Kuna aliyoyaharibu mwandishi kwa haraka pia. Alipohamia pwani aliazima kikaushio cha umeme akajaza vipande vya manjano, vinene kama kidole gumba, akapandisha joto ili vimalizike usiku mmoja. Asubuhi vilikuwa vigumu kama kokoto, akavifurahia, akavitia kwenye ndoo. Ndani vilikuwa vibichi. Joto kali liligandisha ngozi ya nje kabla maji ya moyoni hayajapata njia ya kutokea. Baada ya mwezi vipande vilivyovunjwa vilionyesha duara la kijivu katikati. Mizizi na magome hutakiwa kukatwa vipande vyembamba, vya milimita chache, na kupewa joto la wastani na subira.

Alivitupa vyote, na sababu ya kutosita ilikuwa habari za mwaka 2004. Mwaka huo katika Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Yale yalikuwa mahindi, si dawa. Lakini kuvu haisomi lebo. Mizizi iliyovunda nayo huweza kubeba sumukuvu, na kuchemsha chai hakuiondoi. Mgonjwa anayekunywa dawa ya namna hiyo kila siku kwa ajili ya ini lake anaweza kuwa analipiga ini lile lile.

Mwaka 2015, Tu Youyou wa China alipopata Tuzo ya Nobel, mwandishi alikata habari ile gazetini. Mama huyu na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria katika artemisia, wakichemsha, matokeo yakawa yanayumba. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, kilichoelekeza mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoua dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwezi Oktoba 1971 sampuli yao ya 191 iliwaua vimelea wote katika panya. Kipande kile cha gazeti kilikaa mlangoni mwa chumba cha kikaushio hadi kikapauka kwa mwanga, jambo ambalo wageni walilicheka.

Baada ya kukausha hubaki kuhifadhi, na hapo mwandishi alishindwa na kidudu. Alikuwa ameamini karatasi ya kaki. Ni nzuri, inapumua, inazuia mwanga, na Dodoma haikumwangusha. Tanga ilimwangusha mara mbili. Hewa ya pwani wakati wa masika ina unyevu mwingi hivi kwamba jani lililokauka hunywa maji kupitia karatasi, likalainika lenyewe rafuni. Kisha akaja mdudu wa kahawia asiyezidi milimita tatu, anayejulikana zaidi kwa kula tumbaku, akatoboa kaki kwa matundu mazuri ya duara kama yaliyochomwa kwa sindano. Tangu hapo hutumia mifuko ya alumini kama ile ya kahawa, au chupa za kioo cha kahawia, na ndani huweka vifuko vya kunyonya unyevu vya aina inayokuja na viatu vipya. Mzigo mdogo anaoushuku huulaza kwenye friza wiki nzima kabla ya kuufunga, nao huachwa urudi kwenye joto la chumba ukiwa bado umefungwa, la sivyo utatoka jasho tena.

Bibi hakuwa na alumini. Dawa zake zilikaa kwenye vibuyu na chupa zenye vizibo, darini juu ya jiko, mahali ambapo joto na moshi vilipita kila siku, mwanga haukufika na wadudu hawakupapenda. Na zilikaa nzima, majani kama majani, magome kama magome. Mgonjwa alipofika ndipo kinu kilipotolewa. Mwandishi alipokuwa mdogo aliona huko ni kumchelewesha mgonjwa. Leo angeiita teknolojia, kama neno hilo lisingekuwa limechoshwa. Jani zima lina ngozi moja ya kukutana na hewa. Likisagwa, kila chembe inakutana nayo pande zote. Harufu hutoroka haraka, unyevu huingia haraka, na macho hayawezi tena kutambua jani gani lilikuwa na ukungu. Unga ni umbo linalompendeza muuzaji kuliko dawa yenyewe.

Ndiyo maana jibu la kwanza alilompa mpwa wake lilikuwa kwamba asisage mapema. Asage anachouza wiki hiyo. La pili lilikuwa mfuko: ule wa kung'aa aliouziba kwa mshumaa ulikuwa na vitundu penye mshono, na uliwekwa dirishani juani ili wapita njia waone kijani chake.

La tatu waliligundua pamoja. Mpwa alileta majani ya mzigo mpya aliyosema yamekauka kabisa. Wakayajaza nusu ya chupa kubwa ya kioo, kavu, wakakaza kifuniko, wakaiacha mezani. Asubuhi shingo ya chupa ilikuwa na ukungu ndani, na chini ya kifuniko matone matatu. Binti hakusema kitu. Aliyamwaga kwenye chekeche akayarudisha kivulini. Usiku wa pili ukungu ulikuwa mdogo. Wa tatu chupa ilikuwa safi.

Majani ya mzigo huu mpya hakuyakausha yeye. Aliyanunua kwa mtu wa Korogwe. Mwandishi alimshauri mpwa wake awe na bei mbili, moja ya majani yatakayopita mtihani wa chupa, nyingine ya yasiyopita, na tofauti iwe kubwa kuliko faida ya maji. Mtu wa Korogwe alipokuja na gunia lake alielezwa, akaonyeshwa chupa. Aliitazama kwa heshima zote.

"Dada, mimi nauza kilo," akasema. Akalifunga gunia, akalipakia nyuma ya bodaboda, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameliuza mtaa wa pili, kwa bei ya zamani.